Tuniapu ya Axio: muulize fundi atashika nini

Boss, Toyota Axio ya 2008 haina pointi (swichi ya kukata na kuunganisha umeme wa plagi) wala kabureta (ya kuchanganya petroli na hewa), sasa huyo fundi wako wa Grogan, kule kwa magereji za Nairobi, anasema ati ataset kabureta ndio gari iache kutetemeka ukiwa kwa jam, ataset gani? Hiyo ilikuwa kazi ya magari za kitambo, unafungua distributa (ile hugawia plagi umeme), unapima gepu ya pointi na fila geji (kibati chembamba cha kupima nafasi), unaset taimingi (saa ya plagi kupiga cheche), na baada ya miezi kadhaa unarudia tena. Siku hizi kompyuta ndio hupanga taimingi na petroli. Mwambie kwanza aweke mashine asome kodi za makosa zenye kompyuta ya gari imeweka, halafu atoe plagi na koili moja moja aziangalie, asafishe throto bodi (mlango wa hewa ya injini), eafilta pia. Na kama plagi ni za iridium usikubali zibadilishwe tu juu amezoea, hizo zinaweza kufika kilomita 100,000. Akikataa kupima, toa gari hapo.