CVE-2022-0778: Usisubiri kusasisha OpenSSL

Mkuu, umeuliza kama CVE-2022-0778, dosari ya usalama kwenye OpenSSL (maktaba ya programu inayosimba mawasiliano ya mtandao), inaweza kusubiri kwa kuwa haivujishi data. Hapana, sasisha leo. Tatizo liko kwenye BN_mod_sqrt(), sehemu inayotafuta kipeuo cha pili na kutegemea kwamba modulasi (namba inayogawiwa ili kupata baki) ni namba tasa. Mshambuliaji akipachika namba isiyo tasa kwenye cheti (faili la kidijitali linalothibitisha utambulisho wa seva au mteja), hesabu inazunguka bila mwisho, prosesa inakwama na huduma inaganda.

Kibaya zaidi, OpenSSL huusoma ufunguo wa cheti kabla ya kuhakiki sahihi yake, kwa hiyo hata cheti cha kughushi kinatosha. Na zilizo hatarini si seva zinazodai vyeti vya wateja tu. Programu yako yoyote inayounganika na seva za nje inaweza kunaswa. Hapo wengi hujisahau.

Tavis Ormandy wa Google ndiye aliyeligundua, viraka vikatoka 15 Machi 2022: 1.1.1n na 3.0.2. Kwenye Debian au Ubuntu usitegemee herufi ya toleo, maana wao huingiza kiraka kwenye toleo lilelile la zamani. Endesha apt changelog openssl, utafute namba hiyo ya CVE. Kisha washa upya nginx (seva ya wavuti) na huduma nyingine zinazotumia OpenSSL, la sivyo zitaendelea kutumia maktaba ya zamani iliyo kwenye memori.