Kilichoila Bei ya Lenzi Yangu

Jumamosi iliyopita niliuza lenzi mbili. Moja ilinipa faida, nyingine ikaniachia kidonda ambacho bado kibichi. Ajabu ni kwamba iliyoleta faida ndiyo kongwe.

Nianze na iliyoniuma: Canon 24-70mm f/2.8L, toleo la kwanza, lile la mwaka 2002. Yangu niliinunua mtumba mwaka 2014 kwa shilingi 85,000, pesa za harusi tatu pamoja na mkopo wa chama ambao mke wangu aliujua baadaye. Wapiga picha wenzangu mnaijua: karibu kilo moja mkononi, na ukiizungusha ili ichukue eneo pana zaidi, pua inachomoza badala ya kurudi ndani. Imelipa karo ya watoto wawili. Nimepiga nayo harusi kuanzia Bondo hadi Kakamega, na sijigambi nikisema kuna maharusi hapa Kisumu waliouliza kwanza nafasi yangu ndipo wakapanga tarehe.

Tangazo nililiandika kwa kujiamini: 55,000, safi kabisa, haina mkwaruzo. Na kweli mkwaruzo haukuwepo. Kijana mmoja wa Nakuru akapanda matatu ya alfajiri, akanikuta nafungua duka. Soda akakataa. Akatoa tochi ndogo mfukoni, akafungua vifuniko vyote viwili, akamulika kwa nyuma huku akiinamisha lenzi polepole kama mtu anayechungulia kisima.

"Mzee, hebu angalia hapa."

Nikaangalia. Pembeni mwa kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetawanyika kama mizizi ya nyasi. Fangasi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuimulika lenzi yangu mwenyewe. Nilikuwa nikifuta kioo cha mbele kwa kitambaa na kuridhika.

Najua ilipoanzia. Machi 2020 serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko, harusi zilikufa siku moja. Nilitoka kupiga picha kwenye manyunyu, nikaitia lenzi kwenye mkoba wangu wa ngozi, nikafunga zipu na kuusukuma chini ya kitanda. Zikaja mvua za masika, ziwa likafura hadi likaingia ufukweni Dunga, na nyumba nzima ikanuka unyevu. Mimi nilikuwa nauza barakoa. Mkoba sikuufungua kwa miezi. Fangasi hahitaji zaidi ya hapo: giza, unyevu, hewa iliyotuama, na ngozi inayonywa maji kama sponji. Akishakaa anatoa asidi inayokula utando wa kioo, kwa hiyo hata fundi akimsafisha, alama yake inaweza kubaki.

Kijana akasema 18,000. Nilikasirika, nikamweleza habari za karo na za maharusi. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema hanunui harusi. Tukafungia 22,000.

Lenzi ya pili ilikuwa ndogo, 50mm f/1.8, toleo la kwanza kabisa la mwaka 1987. Niliipata kwa 4,000 kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akifunga studio. Miaka yote aliiweka rafuni wazi, karibu na dirisha, palipo na mwanga na hewa. Toleo lililofuata mwaka 1990 lilifungwa kwa plastiki pale linaposhika kamera, lakini hili la zamani lina chuma, na wanaojua wanalitafuta. Kijana akaimulika, akazungusha pete ya fokasi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. 11,000, bila kubishana.

Sasa mnisikilize, hasa nyinyi mnaonunua lenzi kwa mikopo ya simu. Si kila uzee unashusha bei. Uzee ninaouogopa mimi ni ule unaokuja kampuni inapobadili mfumo: mwaka 2018 Canon na Nikon zote zilitoa kamera zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani ya kamera (mirrorless), zenye mdomo mpya, yaani pale lenzi inaposhika kamera, na lenzi za mdomo wa zamani sasa zinahitaji adapta, kipande cha kuziunganisha na kamera hizo. Hapo bei inateremka hata kama lenzi yako umeilea kama yai, na aliyeuza mapema alicheka. Kwingine kote, bei inaliwa na malezi mabaya.

Mulika lenzi yako mara kwa mara, kwa mbele na kwa nyuma, kabla mnunuzi hajakumulikia. Vumbi mbili tatu ndani zisikutishe. Hazionekani kwenye picha, na mtu akizitumia kukushusha bei, piga picha mbele yake umwonyeshe. Mkwaruzo mdogo wa mbele nao unavumilika. Wa kioo cha nyuma ndio mbaya, maana huo unaweza kuchafua picha yenyewe. Tunza boksi, risiti na vifuniko. Vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Vitie pamoja na lenzi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri. Mchele hapana, utakuachia unga kwenye pete. Na muogopeni Mungu mnapoandika tangazo: ukisema safi, uwe umeangalia. Mimi sikudanganya, lakini mtu aliyetoka Nakuru kwa nauli yake angejuaje?

Pesa ilipoingia kwenye simu nilitaka kumaliza kiungwana. Nikamletea ule mkoba wa ngozi, nikamwambia ni zawadi, abebee lenzi zake. Akauinua hadi puani, akaurudisha mezani taratibu. Kisha akavua sweta, akazifunga lenzi mbili ndani yake, moja kila mkono.

"Huu baki nao, mzee," akasema, akaenda kutafuta matatu.