Pima Upepo Kabla ya Kufungua Ramani: Kwa Wanaoanza Kazi ya Wanyamapori Nakuru

Ninyi mnaoanza kazi ya uhifadhi hapa Nakuru mtakabidhiwa ramani, redio na darubini, na vyote hivyo vitawazoesha kuitazama mbuga kwa macho ya binadamu. Nawasihi mjifunze mapema kuuliza swali jingine kila mnapopanga doria au njia ya magari: mnyama huyu atatutambua kwa hisi gani kwanza, na tukiwa umbali gani?

Kifaru ndiye anayelifundisha swali hilo vizuri zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru ina vifaru weusi na weupe, na wote wawili huona kwa shida. Mtu aliyetulia tuli umbali wa mita 30 anaweza asitambuliwe kabisa, ilhali harufu yake ikichukuliwa na upepo humfikia mnyama kutoka mbali zaidi. Kwa hiyo beba kifuko cha kitambaa chenye majivu, ukitikise mara kwa mara uone upepo unaelekea wapi, nawe uende upepo ukikupiga usoni. Kando ya ziwa uangalifu huo huhitajika zaidi, kwa kuwa mchana upepo huelekea kuvuma kutoka majini na usiku hugeuka, hivyo njia iliyofaa alasiri huenda isifae baada ya jua kutua. Msimpuuze pia shashi, ndege apandaye mgongoni mwa kifaru: utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaru mweusi mwenye ndege hao humtambua mtu akiwa mbali zaidi kuliko asiye nao. Mlio wake ukisikika, simama.

Wageni wengi hupita marundo ya kinyesi bila kuyatazama, na hilo hunisikitisha, maana humo ndimo vifaru wanamopeana habari. Harufu ya kinyesi cha kifaru mweupe hueleza jinsia na umri wa aliyekiacha. Ndiyo sababu kinyesi cha kifaru anayehamishwa huweza kutawanywa mahali atakapoachiliwa, ili aikute harufu anayoijua. Na ndiyo sababu barabara inapochongwa, rundo lisisombwe ovyo.

Usiku tumieni taa nyekundu, kwani wanyama wengi wanyonyeshao hawauoni vyema mwanga huo.

Kwa heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, tatizo ni macho. Husafiri usiku baina ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria, na macho yao yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo waya wa umeme ulio mbele yao ni hatari kubwa. Mkishirikishwa katika mipango ya nyaya, dai alama zinazoonekana hata katika mwanga hafifu.

Atakayepelekwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, atakutana na mbung'o, nzi aenezaye malale. Rangi ya buluu humvuta kutoka mbali, nyeusi humfanya atue, na mkojo wa ng'ombe pamoja na asetoni huongeza mvuto wa mtego. Kinyume chake, harufu ya kuro, aina ya swala mkubwa, humfukuza, na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wameiiga katika kola za kuwavisha ng'ombe. Mtego uwekwe mahali peupe, na nyasi zinazouzunguka zifyekwe kila zinapoota, kwa sababu mbung'o asiyekiona kitambaa cha mtego hataingia.