Maswali yenu ya ajira: mpeni kazi aifanye, ndipo mtamjua

Naomba madesa (maswali na majibu ya kukariri) ya usaili wa mchujo, kada ya Afisa Hesabu. Nimeitwa Jumamosi hii.

Sina. Swali hili naletewa kila wiki, linabadilika jina la kada tu. Tangazo uliloombea lina orodha ya majukumu, na kila jukumu ni swali. Kaa nalo na daftari, ukokotoe mpaka Ijumaa usiku. Anayekuuzia "mtihani wenyewe" kwenye kundi la WhatsApp anakuibia, na kama kweli anao, basi mnaiba wote wawili. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa Uhamiaji wenye nafasi 70. Kwa umati kama ule, mchujo wa kuandika haukwepeki, na kila anayeingia na majibu mfukoni anamtoa mtoto wa mtu aliyekesha akisoma.

Nina mgahawa Morogoro. Wapishi watatu waliopita walijieleza vizuri nikawachukua, wa mwisho akaniunguzia hata maharage. Nimpimeje mpishi kabla sijamwajiri?

Mama, muingize jikoni. Maelezo ya mdomo hayajawahi kuivisha wali.

Mpe jiko lako lenyewe, kama ni la mkaa liwe hilo hilo la mkaa, sufuria zako, na muda wa saa mbili kabla wateja wa mchana hawajafika. Usimwambie apike biriani ya harusi wakati wewe unauza wali maharage na ugali samaki. Kisha kaa pembeni umwangalie. Amenawa kabla ya kushika kitunguu? Ubao aliokatia samaki mbichi ndio huo huo anaokatia kachumbari? Mafuta anayapima au anamimina tu? Hapo kwenye mafuta ndipo mtaji wako unapovuja, wala hutauona ukivuja. Katikati ya kazi mwongezee oda ya sahani tano uone kama anapanga upya au anaanza kugombana na sufuria.

Unachokitafuta kiandike kabla hajafika, na alama zake: usafi 30, ladha 30, muda 20, utunzaji wa vitu 20. Waombaji wote wapike chakula kile kile. Sahani ziende kwa waonjaji wawili wasiojua nani kapika ipi, maana mpwa wako akiwa miongoni mwao, ulimi utamwonja mpwa badala ya chumvi.

Na uwalipe, nauli pamoja na ujira wa saa hizo. Chakula walichopika utakiuza mchana ule ule, kwa hiyo jasho lao limeingia kwenye droo yako.

Naweza kumjaribu dereva wiki mbili bila malipo, nikimpenda nimwajiri?

Hapana. Kipindi cha majaribio ni ajira, na mshahara unahesabiwa tangu siku ya kwanza. Dereva anapimwa kwa nusu saa: alikague gari kabla ya kuwasha, arudi nyuma kwenye lango lenu, apite barabara kubwa saa ya foleni.

Niliomba kazi ya kubuni matangazo. Nikaambiwa nitengeneze mabango sita na nembo, eti ni jaribio. Nikatuma, wakawa kimya. Mwezi uliofuata nikaona bango langu limebandikwa kituo cha daladala.

Binti yangu, umeibiwa, na nimekasirika pamoja nawe. Barua za aina hii zinaongezeka, nyingi kutoka kwa wabunifu, wafasiri na wanaoandika programu za kompyuta.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya ubunifu inalindwa tangu inapobuniwa, bila kusubiri kusajiliwa. Wewe hukuajiriwa, hukulipwa, hukusaini popote kuwapa haki hiyo. Kusanya barua pepe zao, mafaili yako yenye tarehe na picha ya bango pale kituoni. Waandikie kwanza kudai malipo, ukitaja tarehe ya mwisho. Wakinyamaza, peleka jalada COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Safari nyingine, jaribio likizidi saa mbili au tatu, uliza malipo. Omba mteja wa kubuni, kwa mfano duka la viatu lisilokuwepo. Tuma picha ndogo yenye jina lako limepita katikati, faili la kuchapia libaki kwako. Mwajiri mwenye nia njema hatakasirika, kwa sababu anachotaka kukiona ni mkono wako unavyofanya kazi.

Bosi wangu anasema majaribio yanapoteza muda, yeye akizungumza na mtu dakika tano ameshamjua. Nimjibu nini?

Mpe hesabu. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe aifanye kulitabiri utendaji wake kuliko karibu kila njia nyingine, na miaka aliyokaa shule ikawa karibu na mkiani. Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu upya, wakaona namba za awali zilikuwa zimekuzwa. Jaribio la kazi likashuka, juu yake yakakaa mahojiano yenye mpangilio, yaani maswali yale yale kwa kila mtu na alama zilizopangwa kabla. Mazungumzo ya kupiga soga yalikuwa nyuma katika hesabu zote mbili.

Niliwahi kumpitisha mhasibu kwa sababu alizungumza vizuri. Mwezi wa pili hakuweza kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Niliyemwacha alikuwa kijana mwenye kigugumizi, na lile zoezi la kulinganisha hata sikumpa ajaribu. Bado linaniuma.

Kampuni inataka kunipima mimba na VVU kabla ya kunipa mkataba. Ni haki?

Si haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa mimba na kwa VVU, na mwombaji kazi naye analindwa. Kataa kwa maandishi.

Shikamoo. Mimi ni fundi magari, miaka 14 gereji ya mtaani, sina cheti. Matangazo yote yanadai cheti.

Marahaba. Nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu, uulizie urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanakupima kwa vitendo, palipopungua unafundishwa, halafu unapewa cheti. Wakati unasubiri usikae kimya. Andika barua za kazi ukitaja aina za injini ulizozifungua, na useme uko tayari kupimwa siku yoyote kwa gari watakalochagua wao.

Nawe mwenye gereji unayesoma hapa, chomoa fyuzi moja, legeza waya mmoja wa plagi, umkabidhi gari. Anayekimbilia kubadilisha vipuri atakutia hasara, awe na cheti au asiwe nacho. Anayeanza kwa kuisikiliza injini, kisha akachukua testa akapima, mwite ofisini mpatane mshahara.