Kambi ya jeshi ikifungwa, nani huipangia ardhi yake?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesoma kwamba huko Marekani kambi za jeshi zikifungwa, serikali za mitaa ndizo hupanga matumizi mapya ya ardhi hiyo. Huwaje? Na je, sheria zetu zingeruhusu jambo hilo hapa pwani, iwapo siku moja jeshi litaondoka mahali?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Ndugu msomaji, ulivyosoma ni kweli, ingawa si kweli yote. Marekani imefunga kambi kwa awamu tano, yaani 1988, 1991, 1993, 1995 na 2005. Kwa kawaida idara nyingine za serikali kuu huulizwa kwanza kama zinaihitaji ardhi hiyo, na ile inayobaki huandikiwa mpango na chombo kimoja cha wenyeji kinachotambuliwa na wizara ya ulinzi. Tangu 1994 sheria inakitaka chombo hicho kizingatie pia mahitaji ya watu wasio na makazi.

Kambi ya Fort Ord, iliyoko pwani ya California, ilifungwa mwaka huo wa 1994. Mwaka uliofuata chuo kikuu kilifunguliwa katika majengo yaliyokuwa ya askari, na 2012 sehemu kubwa ya viwanja vya mazoezi ikatangazwa kuwa hifadhi. Ukiishia hapo utadhani kazi ilikuwa nyepesi. Mamlaka iliyosimamia mpango huo ilivunjwa 2020 ikiacha majengo mengi mabovu bado yamesimama, kwa sababu kuta zenye asbesto na rangi yenye madini ya risasi, vitu vinavyodhuru afya, hazibomolewi kiholela, na kuzibomoa kwa usalama ni ghali. Maji ya chini ya kambi hiyo yalikuwa yamechafuliwa kwa kemikali, na viwanja vya shabaha vilikuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Kwa maoni yangu, hali ya udongo huamua matumizi kuliko ramani yoyote ya wataalamu, na wafugaji wa Dol Dol na Archers Post, kaskazini mwa Kenya, hawahitaji kuelezwa hilo: mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa waliodhuriwa na mabomu yaliyosalia katika viwanja ambamo askari wake walifanyia mazoezi.

Kuhusu sheria zetu, Kifungu cha 62 cha Katiba kinaiweka ardhi inayotumiwa na chombo cha serikali kuu, jeshi likiwemo, mikononi mwa serikali kuu, chini ya usimamizi wa Tume ya Taifa ya Ardhi. Kaunti basi haiwezi kuitwaa kwa sababu tu lango limefungwa. Lakini kaunti ndiyo yenye jukumu la kupanga matumizi ya ardhi katika eneo lake, nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi, ulioshirikisha wananchi.

Nyinyi wa Lamu, kwa hakika, mna mfano wenu. Ngome yenu ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya askari, ikageuzwa gereza, na tangu 1984 iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Lakini hilo lilikuwa jengo moja la mawe, halikuwa na uwanja wa shabaha.

Ikitokea jeshi linaondoka, wenyeji waombe mambo mawili kabla askari hawajafungasha: ripoti ya uchunguzi wa udongo na maji, na maandishi yanayosema ni nani atakayelipia usafishaji. Ardhi ikishakabidhiwa bila maandishi hayo, itakuwa vigumu sana kumpata wa kulipa.