Fundi amerejesha nini?

SWALI: Nina duka la steshenari hapa Morogoro. Kompyuta yangu ilianza kujizima ovyo, nikaipeleka kwa fundi. Akaniambia, "Nitaipiga Windows, nikurejeshee kila kitu kama kilivyokuwa." Nilipoifuata niliikuta nyepesi kama mpya, ila barua za wateja na hesabu za miaka mitatu hazimo. Fundi anashikilia kwamba alinieleza vizuri. Mwenye Kiswahili kibovu ni mimi au yeye? Na kusakinisha, kurejesha, nakala rudufu na chelezo vina tofauti gani?

JIBU: Pole sana kwa hesabu zako. Kiswahili chenu wote wawili ni kizuri. Kilichowakosanisha ni kitenzi kimoja, kurejesha, kilichosemwa bila kukamilishwa.

Kurudisha ni kupeleka kitu kilikotoka: unarudisha kitabu maktaba, unamrudishia mteja chenji yake. Kurejesha nako kunaingia humo, ndiyo maana tunarejesha mkopo, lakini kuna kazi yake nyingine: kuleta tena hali iliyotoweka. Tunarejesha amani, tunarejesha umeme. Sasa tazama kompyuta yako. Inaweza kurejeshwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na kiwandani haikutoka na barua za mtu yeyote. Kuirejesha huko ni kuifuta. Mafaili nayo yanaweza kurejeshwa kutoka kwenye nakala iliyowekwa kando, na huko ni kujaza. Kitenzi ni kilekile, matokeo yanapingana kabisa. Fundi aliposema "kama kilivyokuwa" yaelekea alikuwa anaiona siku kompyuta ilipotolewa kwenye boksi. Wewe ulikuwa unaiona juzi.

Kwa hiyo katika kazi hii kurejesha kusisemwe peke yake. Kitajwe kinachorejeshwa, kinakotoka, na hali inayorejewa ni ya lini. "Nitarejesha mafaili yako kutoka kwenye diski ya nje, yalivyokuwa Ijumaa." Sentensi hiyo haina pa kuponyokea, na fundi asiye na diski ya nje hawezi kuitamka.

Kupiga Windows ni lugha ya mafundi na sina ugomvi nayo. Piga yetu ni pana: tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga rangi. Anayepiga rangi hufunika kilichokuwepo, na kweli fundi hufanya kazi inayofanana na hiyo. Ila ukiandika kwenye risiti, andika kusakinisha. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa maskani: kusakinisha programu ni kuipa makazi ndani ya mashine. Na useme kusakinisha upya. Neno tena huhesabu mara tu, kwamba jambo limefanyika kwa mara nyingine. Upya hueleza namna, kwamba kazi imeanza mwanzo. Mteja akisikia upya ana sababu ya kuuliza, "Na vilivyomo?"

Kwa ile nakala iliyowekwa kando, nakala rudufu ndilo neno lililoenea kwenye programu zilizotafsiriwa. Ni sahihi, wala rudufu haibebi kiambishi: nakala rudufu, mafaili rudufu. Lakini rudufu maana yake ni maradufu, kitu kilichojirudia, na hapo naliogopa. Mafaili rudufu ni yale yaliyojazana mara mbili bila sababu, ambayo mtu hufuta ili apate nafasi. Mfanyakazi mgeni akiambiwa "safisha vilivyo rudufu" anaweza kukufutia kinga yako. Mimi husema nakala ya akiba. Akiba kila mtu anaijua, haiguswi mpaka siku ya shida.

Chelezo utaikuta pia kwenye baadhi ya tafsiri. Limetoka baharini, kwenye kuelea: ni boya. Picha yenyewe ni nzuri, chombo kikizama kuna cha kushika, na mtu wa pwani ataielewa upesi. Dukani kwako Morogoro utalazimika kulieleza kila mara. Bekapu, lile backup la Kiingereza, kwa maneno ya mdomo haimkosei mtu.

Limebaki neno moja ambalo hukuuliza, nalo unalihitaji leo. Pasipo na nakala ya akiba hakuna cha kurejesha, ila huenda pakawa na cha kuopoa. Kuopoa ni kutoa kitu kilichozama majini, kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Faili likifutwa, mara nyingi maandishi yake hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Windows mpya imekwisha kuandika sehemu fulani, na kila barua utakayochapa inaweza kufunika nyingine. Basi izime, usichape hata risiti. Tafuta fundi mwenye programu za kazi hiyo, umwambie kwa maneno haya: "Mfumo ulisakinishwa upya, sina nakala ya akiba. Usisakinishe chochote kwenye diski hii. Niopolee mafaili ya hesabu na barua, uyaweke kwenye diski nyingine." Kama diski yako ni ile ya kuzunguka, bado kuna matumaini. Kama ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, nafasi ni finyu, kwa sababu nyingi huvisafisha zenyewe vilivyofutwa.