Nimekagua NULL, mbona programu bado inakufa?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo Masasi, nasomea kompyuta, na msimu huu nimeandika programu ya C ya chama chetu cha msingi, unaingiza namba ya mkulima inakuletea kilo za korosho alizopeleka ghalani. Sasa ukikosea namba inakufa papo hapo. Nimeweka if ya NULL (yaani pointa tupu, anwani ya kumbukumbu isiyo na kitu) lakini wapi. Mwenzangu anasema tatizo ni -O2 (ile ya kuiambia kompaila, inayogeuza kodi kuwa programu, iiboreshe iende kasi), nikiitoa itapona. Kodi yenyewe hii, m ni pointa ya mkulima aliyetafutwa:

int kilo = m->kilo;
if (m == NULL) return 0;
return kilo;

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, -O2 haina kosa. Angalia mstari wa kwanza, umeshaigusa m halafu ndo unauliza kama ipo, yaani ukiitoa -O2 hiyo if itabaki lakini programu inakufa mstari wa juu kabla haijaifikia. Ukiiacha -O2 ndo kabisa, maana sheria za C zinairuhusu kompaila iamini kwamba pointa uliyoigusa haiwezi kuwa NULL, kwa hiyo inaiona if yako haina kazi na inaifuta. Mwaka 2009 kosa la namna hii hii lilikutwa kwenye kerneli ya Linux (kiini cha mfumo), drava ya mtandao iitwayo tun, na likafungua njia ya mtu wa kawaida kushika mashine nzima.

Basi if ipande juu, kilo isomwe chini yake. Ila hiyo return 0 nayo siipendi hata kidogo! Sifuri ni jibu halali, karani akikosea tarakimu moja mkulima ataonekana hajaleta kitu, na hiyo ni hela ya mtu ya mwaka mzima. Rudisha -1, halafu anayeita aikague na aandike "namba haipo". Na ushukuru kwamba kwenye laptop inakufa, maana siku ukiihamishia kwenye bodi ndogo ya kompyuta ya mzani, chipu nyingi za ARM anwani 0, yaani ile ya NULL, inasomeka vizuri tu, haifi, inakuletea kilo za uongo na hakuna atakayeshtuka.

malloc (ya kuomba kumbukumbu) na fopen (ya kufungua faili) nazo zinaweza kurudisha NULL, kagua hapohapo. Pointa uliyoitangaza ndani ya fanksheni bila kuipa kitu sio NULL, ina takataka, kwa hiyo if haitakuokoa, ianze na = NULL. Ukishaita free (ya kuachia kumbukumbu) iwekee pointa NULL tena, ingawa kama kuna pointa nyingine ilikuwa inaangalia palepale hiyo bado ni mbovu.

Wakati wa kujaribu kompaili na -g -fsanitize=address,undefined halafu ingiza makusudi namba ambayo haipo, itakutajia faili na mstari uliogusa NULL.